Konokono wetu afugwe kwetu, asivushwe mpaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu ili nizungumzie jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona dogo, nalo ni ufugaji wa konokono wakubwa wa nchi kavu majumbani, si kwa kitoweo, bali kwa kuwatazama na kuwafurahia. Nimeona niandike kwa sababu huku kwetu Muheza wameanza kuonekana vijana wanaookota konokono wakati wa masika na kuulizia namna ya kuwapeleka nje ya nchi wakiwa hai, baada ya kusikia kwamba Ulaya wako watu wanaowanunua. Wakati huohuo wapo wazazi wanaomchapa mtoto kwa kosa la kuingia na konokono ndani. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea: mtoto aachwe amfuge konokono wake hapa hapa alipozaliwa, na kijana azuiwe asimvushe mpaka.

Konokono ninayemsema ni yule wa gamba la kahawia lenye michirizi ya rangi ya maziwa, ambaye wataalamu humwita Lissachatina fulica, ingawa vitabu vingi bado vinatumia jina la zamani la Achatina fulica. Asili yake ni Afrika Mashariki, hasa ukanda huu wa pwani ya Kenya na Tanzania. Gamba lake huweza kufikia urefu wa sentimita 20, japokuwa wengi tunaokutana nao mashambani ni wa nusu ya kipimo hicho. Afrika Magharibi ana ndugu yake mkubwa kuliko yeye, Achatina achatina, na mmoja wa jamii hiyo, aliyeokotwa Sierra Leone mwaka 1976 na kufugwa Uingereza, alipopimwa mwaka 1978 alikutwa na uzito wa gramu 900 na urefu wa sentimita 39.3 alipokuwa amejinyoosha. Huyo ndiye mkubwa kuliko konokono wote wa nchi kavu waliowahi kupimwa na kuandikwa katika kumbukumbu.

Kabla sijaendelea, kuna hofu moja inayofaa kuondolewa. Wazazi wengi wanapomwona konokono hukumbuka kichocho, na hawana makosa, kwa kuwa shuleni tulifundishwa sote kwamba kichocho huletwa na konokono. Lakini konokono wa kichocho ni wale wadogo wanaoishi katika maji baridi, kwenye madimbwi, mito na majaruba ya mpunga. Konokono mkubwa wa bustanini hana uhusiano wowote na ugonjwa huo. Hatari yake yeye ni nyingine, na mfugaji hana budi kuijua. Konokono wa nchi kavu anaweza kubeba mabuu ya mnyoo wa mapafu ya panya, ambaye alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935 kutokana na panya wa Canton, China. Konokono huwapata mabuu hao kwa kula kinyesi cha panya, na binadamu huwapata kwa kumla konokono mbichi au asiyeiva vizuri, ama kwa kula mboga mbichi ambazo hazikuoshwa, na wakimwingia huweza kumsababishia uvimbe wa utando wa ubongo. Kwa hiyo mtoto anayemshika konokono anawe mikono kwa sabuni kila mara, asiipeleke mdomoni kabla ya kunawa, na chombo cha konokono kiwekwe mahali ambapo panya hawafiki na ambapo chakula cha watu hakiandaliwi. Tahadhari hizi hazina ugumu wowote kwa nyumba inayofuga kuku.

Nimefundisha somo la baiolojia kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sijapata kuona kiumbe anayefundisha darasani kwa gharama ndogo kuliko huyu. Ndoo kubwa ya plastiki au sanduku la kioo, udongo mweusi wenye unyevu wa kina cha kutosha kumfunika akitaka kujizika, kifuniko chenye matundu kilichofungwa barabara kwa sababu ana nguvu za kusukuma kuliko anavyodhaniwa, basi. Anakula tango, papai, mchicha, majani ya maboga, na chochote laini ambacho hakikupigwa dawa. Chumvi ni mwiko. Kitu ambacho wafugaji wapya husahau ni chokaa ya gamba: asipopata kalsiamu gamba lake hulainika na kumeguka, na konokono wenye njaa hiyo huanza kukwanguana magamba wao kwa wao. Maganda ya mayai yaliyosagwa yanatosha, na sisi wa pwani tuna bahati ya kuokota ufukweni ule mfupa mweupe wa dome, ndugu yake ngisi, ambao Ulaya watu hununua madukani.

Mwalimu akitaka kuwaonyesha wanafunzi jambo ambalo hawatalisahau, amweke konokono juu ya kipande cha kioo, akiinue, kisha wote watazame kwa chini. Wataona mikunjo myembamba ya misuli ikipita chini ya unyayo kutoka nyuma kwenda mbele, mmoja baada ya mwingine bila kukoma, huku mwili mzima ukiteleza juu ya ute wake wenyewe. Akiwekewa kipande cha tango darasa likiwa kimya, husikika akikwangua, kwa kuwa ulimi wake umejaa maelfu ya vijino visivyoonekana kwa macho. Macho yake yako kwenye ncha za zile pembe mbili ndefu za juu, na zile fupi za chini ni za kunusa na kugusa. Jua kali linapokuja na udongo kukauka, anajivuta ndani, anaziba mlango wa gamba kwa utando mweupe unaokauka na kuwa mgumu, na anaweza kukaa hivyo kwa miezi akisubiri mvua. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake hatammwagia tena konokono chumvi ili amwone akitoa povu na kufa, mchezo ambao nimeukuta katika kila kijiji nilichofundisha na ambao watu wazima huutazama bila kusema neno. Mnyama huyo anakufa kwa kunyonywa maji ya mwili wake akiwa hai. Nawaomba wazazi waukomeshe.

Sasa nije kwenye mayai, maana ndiko yaliko madhara yote ninayotaka kuyaeleza. Kila konokono wa aina hii ana viungo vya kiume na vya kike kwa pamoja. Wakishakutana wawili, kila mmoja anaweza kuweka akiba ya mbegu mwilini kwa miezi mingi na kutaga peke yake baadaye, hata kama mfugaji ana konokono mmoja tu. Hufukia mayai ardhini, mara nyingi mia moja au mia mbili kwa mkupuo mmoja na mara kadhaa kwa mwaka, kila yai kama punje ya choroko, jeupe au la manjano hafifu. Vifaranga hutoka baada ya wiki moja mpaka tatu, huanza kwa kula maganda ya mayai yao wenyewe, na katika muda wa miezi sita hivi nao wanaweza kuwa tayari kutaga. Mtu anayetaka kumfuga konokono hana budi kujiuliza mayai hayo yatakwenda wapi kabla hata hajauliza atamlisha nini.

Historia ya konokono wetu kuenea duniani kwa sehemu kubwa ni historia ya watu waliompenda na hawakujiuliza swali hilo. Alikwisha kufika Mauritius mapema katika karne ya 19. Mwaka 1847 William Henry Benson, mtu aliyependa sana kukusanya na kuchunguza konokono, alimchukua hai kutoka Mauritius akampeleka Calcutta, na kutoka hapo akasambaa India. Mwaka 1900 alikuwa amefika Sri Lanka, mwaka 1936 akaingia Hawaii, na Wajapani wakampeleka katika visiwa vingi vya Pasifiki kabla na wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kila alikotua alikuta mvua, bustani na mashamba, lakini hakuwakuta maadui zake.

Kisa cha Florida, Marekani, kinastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu kilianza na mtoto. Mwaka 1966 mvulana mmoja alirudi Miami kutoka Hawaii akiwa na konokono watatu. Bibi yake akawaachia bustanini. Miaka saba baadaye walikuwa wamekusanywa zaidi ya 18,000, pamoja na mayai yao, na kazi ya kuwamaliza iliigharimu serikali takriban dola milioni moja mpaka ilipokamilika mwaka 1975. Mwaka 2011 wakaonekana tena katika eneo hilohilo la Miami. Safari hiyo ilichukua miaka kumi, mbwa wakafundishwa kuwanusa, na zaidi ya konokono 160,000 waliokotwa kabla ya kutangazwa mwaka 2021 kwamba wametoweka. Haukupita hata mwaka mmoja, Juni 2022 wakapatikana mahali pengine, wilaya ya Pasco, na hawa walikuwa na mwili mweupe, aina ambayo wafugaji wa nyumbani huipenda kwa urembo wake. Wanatafuna mimea ya aina mia kadhaa, na wakikosa kalsiamu hula lipu ya kuta za nyumba. Ndiyo sababu Marekani imekataza mtu kumwingiza au kummiliki bila kibali, na mwaka 2014 maofisa wa uwanja wa ndege wa Los Angeles walikamata konokono 67 hai waliotoka Nigeria.

Uharibifu mkubwa zaidi ulikuja pale watu walipojaribu kulirekebisha kosa hilo kwa haraka. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Hawaii walikuja Kenya kutafuta konokono wanaokula konokono wenzao, na miongoni mwa waliowachukua alikuwemo Gonaxis kibweziensis, ambaye jina lake linatokana na Kibwezi yetu hii hii ya Ukambani. Mwaka 1955 wakaongeza konokono mwindaji kutoka Florida, Euglandina rosea, na katika miaka ya 1970 huyo akapelekwa visiwa vya Tahiti na Moorea huko Pasifiki. Mwindaji huyo hakuwa na haja ya kuhangaika na konokono mkubwa wa Afrika. Aliwageukia konokono wadogo wa asili wa visiwa vile, jamii ya Partula, ambao magamba yao wenyeji walikuwa wakiyatunga mashada, akawamaliza karibu wote katika misitu yao. Baadhi ya jamii hizo zilinusurika kwa sababu tu wachache walikuwa wamehifadhiwa katika bustani za wanyama, ikiwemo ya London, na sasa wanarudishwa visiwani taratibu. Leo konokono wetu na yule mwindaji wa Florida wote wawili wamo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Inaniuma kuona jina la mnyama wetu katika orodha hiyo, kwa sababu hakwenda huko kwa hiari yake.

Huku kwetu mambo ni tofauti. Anakula miche, hilo mkulima yeyote wa bustani analijua, na mwenye kitalu ana haki ya kumwokota alfajiri na kumwondoa. Lakini anaishi pamoja na waliozaliwa naye: konokono wadogo walao konokono, ambao misitu ya Usambara Mashariki inao kwa wingi wa aina, mbawakawa weusi wanaoingiza kichwa ndani ya gamba lake, funza wa vimulimuli, na ukame wa kila mwaka unaowapunguza vifaranga. Kwa sababu hiyo mtoto wa Muheza anayemchukua konokono bustanini kwao, akamlisha miezi michache, kisha akamrudisha bustani ileile, hakumdhuru mtu. Kwa sababu hiyohiyo nawaonya wale wanaofikiria kuleta hapa konokono wa Ghana au Nigeria ili kufuga wakubwa zaidi. Brazil iliingiza konokono wetu mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wafugaji wa nyama, wakaonyeshwa katika maonyesho ya kilimo ya Paraná. Soko likakosekana, wafugaji wakawaachia, na leo wamo karibu katika majimbo yote ya nchi hiyo.

Kwa vijana wanaoona fedha katika jambo hili, nawaomba wasidhani kwamba sheria za wanyamapori zinahusu tembo, kasuku na vinyonga peke yao. Mwaka 2016 Serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Jirani zetu Kenya walionyesha mwaka 2025 kwamba hata mdudu ana thamani mbele ya mahakama: vijana wawili wa Kibelgiji waliokamatwa Naivasha na sisimizi malkia wapatao 5,000, waliokuwa wamewapakia katika vijichupa kwa ajili ya wafugaji wa Ulaya na Asia, walitozwa faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja au kifungo cha miezi kumi na miwili. Sisimizi wale walikuwa wakitafutwa na watu walewale wanaotafuta konokono, yaani wapenzi wa viumbe vya kigeni vya kuweka katika masanduku ya kioo. Anayemtuma kijana kuokota hatakuwa naye kizimbani.

Nina neno pia kwa ndugu zetu walioko ughaibuni, kwa maana gazeti hili husomwa mbali. Uingereza kumfuga konokono huyu nyumbani kunaruhusiwa, na watoto wa Kiswahili waliozaliwa huko huweza kuletewa na wenzao wa shule wakafurahi kwamba mnyama huyo ametoka kwa babu zao. Wamfuge, ilimradi ametokana na waliozalishwa hukohuko. Wachimbue udongo wa chombo chake mara kwa mara, kila mkupuo wa mayai wauweke kwenye friza kwa siku mbili au zaidi kabla ya kuutupa, na wasimwachie nje hata mmoja wakiamini kwamba baridi itamuua, kwa kuwa kumwachia ni kosa kisheria. Baadhi wanaishi miaka mitano au sita na zaidi, kwa hiyo asichukuliwe na familia inayotarajia kuhama kesho.

Naomba, Ndugu Mhariri, mambo mawili yafanyike. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, pamoja na wahusika wa wanyamapori, watoe tangazo kwa Kiswahili chepesi linaloeleza waziwazi ni nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi kuhusu konokono hai, likabandikwe katika ofisi za kata, vituo vya mabasi na bandarini, kwa sababu kijana wa kijijini hasomi Gazeti la Serikali. Pili, watumishi wa kaunta za posta na za vifurushi wafundishwe kumtambua konokono aliyelala. Akiwa ameziba mlango wa gamba kwa ule utando mkavu hatembei, hanuki wala hatoi ute, anaweza kukaa ndani ya boksi kwa majuma mengi bila chakula wala maji, na mtumaji akaandika juu yake kwamba ni magamba ya pambo. Njia ya kumtambua ni rahisi: gamba tupu mlango wake uko wazi, na ukilitikisa huoni uzito wowote ndani.

Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Muheza, Tanga